Mjomba kauliza: dafu nimelinywa miaka 60, leo limekuwaje sumu? Njooni tuongee figo

#1 MpimaDamu

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Mimi ni mtu wa maabara hapa Tanga mjini. Kazi yangu ni kupokea vichupa vya damu, kuviingiza kwenye mashine na kutoa namba. Udaktari sina na dawa siandiki, kwa hiyo asije mtu kunidai dozi. Uzi huu nimeufungua kwa ajili ya mjomba wangu.

Mjomba anauza madafu, jioni utamkuta na toroli lake upande wa Raskazone. Ana kisukari cha miaka mingi, presha nayo imemfuata. Mwezi uliopita alianza kulegea miguu, akapelekwa kupimwa, karatasi ikarudi na potasiamu, yale madini ya damu yanayoendesha misuli na moyo, 6.4. Kawaida ni 3.5 mpaka 5.0. Kriatinini, takataka ya misuli ambayo figo inatakiwa kuitoa, nayo ilikuwa juu, maana yake figo zimechoka. Wakamlaza. Siku ya kumruhusu, daktari akamwambia neno lililomuuma kuliko sindano zote: "Mzee, dafu basi."

Usiku akanipigia. "Mpwa wangu, mimi dafu nimelinywa tangu sijaingia jandoni. Miaka sitini na ushee. Leo ndo limegeuka sumu? Au mwataka nife na kiu mbele ya toroli langu mwenyewe?"

Jibu la kwenye simu sikuwa nalo. Jibu refu ndilo hili.

Kwanza tuondoe kitu kimoja kichwani. Shuleni tuliambiwa figo ni chujio, na mtu akisikia chujio anafikiria la chai: majani yanabaki, chai inapita. Figo inafanya kazi kama nyumba za uswahilini siku mbili kabla ya Idi. Vyombo vyote vinatolewa uani, makochi, masufuria, mpaka kabati la bibi. Kisha vinarudishwa ndani kimoja kimoja, na kile ambacho hakuna aliyekibeba kukirudisha ndicho takataka. Kwa siku moja figo zako zinatoa uani maji kama lita 180 kutoka kwenye damu. Mkojo unaotoka ni lita moja na nusu, mbili. Zilizosalia zote zimerudishwa, kupitia vijineli vyembamba viitwavyo nefroni, kama milioni moja kwa kila figo.

Sasa potasiamu. Katika zile lita 180 mna milimoli (kipimo chetu cha maabara) 720 hivi za potasiamu kwa siku. Karibu theluthi mbili inarudishwa mwanzoni tu mwa kijineli, robo nyingine inarudishwa kwenye ile sehemu iliyojikunja. Mpaka hapo hakuna aliyeuliza kama unaihitaji au huihitaji, inarudi tu kwa mazoea. Uamuzi unafanyika mkiani, kwenye kipande cha mwisho kabisa cha kijineli. Pale kuna seli ambazo kazi yake ni kuichukua potasiamu kutoka upande wa damu na kuisukumia kwenye mkojo. Kwa hiyo potasiamu iliyomo kwenye mkojo wako wa leo, kwa sehemu kubwa, ilifukuzwa mlangoni mwishomwisho.

Anayetoa amri ya kufukuza ni homoni iitwayo aldosteroni. Inatoka kwenye tezi inayokaa juu ya figo kama kofia. Potasiamu ikipanda kidogo tu kwenye damu, tezi inaitoa, seli za mkiani zinavuta chumvi ya sodiamu ndani na kusukuma potasiamu nje. Ni biashara ya kubadilishana.

Turudi kwenye dafu. Bilauri moja ya maji ya dafu, mililita 240 hivi, ina potasiamu kama miligramu 600, sawa na milimoli 15. Dafu kubwa linajaza bilauri mbili. Sasa shikeni hii: potasiamu yote iliyoko nje ya seli zako, kwenye damu na kwenye majimaji yanayozunguka nyama, ni kama milimoli 60 tu. Madafu mawili makubwa yamebeba kiasi hichohicho. Ingebaki yote kwenye damu, namba ingepanda maradufu na moyo ungesimama kabla muuzaji hajakurudishia chenji.

Mbona basi watu hawaanguki Raskazone kila Jumapili? Kwa sababu kuna walinzi wawili. Wa kwanza ni insulini. Ukinywa dafu, sukari yake inaiita insulini, na insulini inaisukuma potasiamu ndani ya seli, ambako ndiko nyumbani kwake hasa: asilimia 98 ya potasiamu ya mwili, milimoli zaidi ya 3,000, inakaa humo. Hapo inafichwa kwa muda. Mlinzi wa pili ni figo, ambayo kwa saa kadhaa zinazofuata inaitoa taratibu kwenye mkojo.

Mjomba mlinzi wa kwanza anasinzia kwa sababu ya kisukari, na wa pili amebaki na nguvu kidogo. Halafu nikamuuliza dawa anazotumia. Ya presha ni losartani, dawa nzuri na kwa mwenye kisukari inazilinda figo, ila inapunguza aldosteroni, kwa hiyo ile amri ya kufukuza inakuja kwa sauti ya chini. Na magoti yanamuuma, anajinunulia diklofenaki dukani bila kumwambia mtu. Hiyo inapunguza damu inayofika kwenye figo na inainua potasiamu pia. Juu ya yote hayo, joto la Tanga la mwezi wa pili, madafu manne kwa siku, yale yasiyouzika.

Dafu ni lilelile la miaka sitini. Njia ya kutokea ndiyo imezibwa.

Kalsiamu na fosfeti, madini mengine ya damu, nitakuja nazo. Ulizeni.

#2 Kidume_Raskazone

Nimekaa siti ya mbele na kashata zangu. Huyo mzee namjua kwa sura, dafu lake halina longolongo.

#3 MkongeDaima

Haya ndiyo mambo yenu wasomi. Kila kitu cha asili mwakataza. Babu yangu kafa na miaka 90 na zaidi, dafu asubuhi dafu jioni. Na Tanga nzima inajua dafu linasafisha figo. Mtu akianza kuumwa kiuno cha kwanza anaambiwa akatafute dafu. Leo mwataka tuache tununue vidonge.

#4 MpimaDamu

Mkuu MkongeDaima, babu yako alikuwa na figo nzima, na mwenye figo nzima anywe. Figo nzima zikizoea potasiamu nyingi zinaongeza hata idadi ya milango ya kuitolea, kwa hiyo babu alikuwa na mkia uliofanya mazoezi miaka 90.

Kukojoa sana baada ya dafu ni kwa sababu umekunywa maji. Ukinywa maji ya bomba lita ileile utakojoa vilevile. Anayeharisha au aliyetapika usiku kucha, huyo dafu linamfaa, kwa kuwa potasiamu imemtoka kwa njia nyingine. Hata ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha, ya Shirika la Afya Duniani imewekwa potasiamu milimoli 20 kwa kila lita kwa sababu hiyohiyo, ingawa dafu sodiamu yake ni ndogo, haliwezi kushika nafasi ya ORS kwa mtoto aliyekauka.

Na potasiamu ikishuka nayo ni balaa. Wanaotumia dawa za kukojoza, frusemaidi kwa mfano, chumvi nyingi inafika mkiani mwa kijineli, biashara ya kubadilishana inachangamka kupita kiasi, potasiamu inamwagika. Mtu analegea na moyo unadunda ovyo. Yule anaweza kuambiwa na daktari ale ndizi. Wawili wanakaa benchi moja la kliniki, mmoja anaambiwa ale ndizi, mwingine akatazwe, wakitoka nje wanaona madaktari wanajichanganya.

#5 BiMkubwa_Chumbageni

Mwanangu, mie nilipimwa nikaambiwa potasiamu 6.8. Wanangu wakaanza kulia, mmoja keshapiga simu Dar. Nikapimwa tena jioni ileile, 4.3. Sijanywa dawa, sijafanywa lolote. Nani muongo hapo, mashine au mie?

#6 MpimaDamu

Shikamoo Bi Mkubwa. Hapo umenigusa, maana hii ndiyo kazi yangu.

Uwezekano mkubwa muongo ni kichupa. Nimesema potasiamu inakaa ndani ya seli. Chembe nyekundu za damu nazo ni seli, ndani yake potasiamu ni zaidi ya mara 20 ya ile iliyoko kwenye majimaji ya nje. Zikipasuka, inamwagika, na mashine inapima iliyomwagika. Potasiamu inatoka kwenye seli, za damu au za misuli ya mkono, kwa sababu ndogondogo: sindano nyembamba mno, mpira wa mkononi umekazwa muda mrefu, mgonjwa anaambiwa "kunja ngumi, kunjua, kunja" mara ishirini, kichupa kimetikiswa, kimekaa saa nne kwenye joto, au kimesafirishwa kwa bodaboda kupitia barabara zenye mashimo. Chembe zikiwa zimepasuka, tukizungusha kichupa tunaona majimaji ya juu yamekuwa mekundu badala ya manjano. Hapo mtu wa maabara mwenye adabu anaandika "damu imepasuka, rudia."

Kuna kosa jingine naliogopa zaidi. Vichupa vyenye kifuniko cha zambarau vina kemikali ya kuzuia damu isigande, na kemikali hiyo ni chumvi ya potasiamu inayokamata kalsiamu. Kazini kwangu kwa zamani kuna kijana aliona kichupa cha kifuniko chekundu hakijajaa, akakiongeza damu kutoka kwenye cha zambarau, ili asimrudishe mgonjwa. Mashine ikatoa potasiamu 12 na kalsiamu karibu na sifuri. Mtu mwenye namba hizo hakai benchi kusubiri majibu akichezea simu, na mgonjwa wetu alikuwa anachezea simu. Toka siku hiyo, nikiona potasiamu imeruka juu na kalsiamu imezama pamoja, kabla ya kumtazama mgonjwa natazama kifuniko.

Lakini tafadhali msije mkasema kila namba ya juu ni kosa la kichupa. Mjomba alirudiwa, ikawa 6.3.

#7 ChungwaLaMuheza

Na sisi wa machungwa? Msimu ndio huu, watu wanakula nusu gunia.

#8 MpimaDamu

Chungwa moja la wastani lina kama miligramu 240, ndizi mbivu ya wastani kama 420. Kwa hiyo chungwa moja si kesi, ila Muheza nani anakula moja. Juisi ndiyo hatari kwa mwenye figo mbovu, bilauri moja inameza machungwa matatu bila wewe kushiba.

#9 Muuguzi_wa_Zamu

Nimepita kimya nikashindwa kunyamaza. Wakuu, potasiamu ya juu haina dalili ya kuaminika. Wengine wanalegea, wengine hawasikii kitu mpaka moyo unaposimama. Ndiyo maana mgonjwa akija na 6.5 anashangaa kwa nini tunakimbia. Tunamfunga nyaya za kupima umeme wa moyo, tukiona yale mawimbi yamechongoka kama paa la makuti tunajua hakuna kungoja.

Cha kwanza kinachotoka kwenye sinia ni kalsiamu glukoneti kwenye mshipa. Ndugu wa wagonjwa wanadhani inashusha potasiamu. Haishushi hata chembe. Inautuliza moyo usichachamae, kwa nusu saa mpaka saa moja hivi. Katika muda huo tunatoa insulini pamoja na sukari ya mshipani, wakati mwingine na salbutamoli ya kuvuta, ile ya pumu, ili potasiamu irudi kujificha ndani ya seli. Bado iko mwilini. Insulini ikiisha nguvu baada ya saa nne, sita, inatoka tena. Kuitoa kabisa ni kwa mkojo kama figo bado zinaitikia, la sivyo mashine ya kusafisha damu.

Namuomba MpimaDamu asisitize: mtu asisome uzi huu akaacha losartani yake kesho asubuhi. Arudi kwa aliyemwandikia, apimwe, dozi ipangwe upya. Tumezika watu kwa kiharusi waliojiachisha dawa.

#10 Nahodha_wa_Sahare

Asanteni. Mie baba yangu yuko kwenye mashine, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Potasiamu tumeshaielewa, tunaiogopa kama papa. Kinachotusumbua ni fosfeti. Kila mwezi anaambiwa iko juu. Anajikuna usiku mpaka shuka ina damu. Mifupa inamuuma. Na kapewa vidonge vya kalsiamu na vya vitamini D. Sasa mzee ni mvuvi, kakaushwa na jua la bahari miaka 40, vitamini D ya jua si ndiyo hiyo? Inakuwaje akose? Na kalsiamu anaikosaje mtu anayekula dagaa na mifupa yake?

#11 MpimaDamu

Nahodha, pole na mzee. Swali lako ndilo sehemu ya pili ya uzi, na kwangu ndiyo tamu zaidi, kwa sababu hapa figo haiko peke yake. Iko kwenye kikao na mfupa, utumbo, ini, ngozi, na vitezi vinne vidogo kama punje za dengu vilivyojibanza nyuma ya tezi ya shingo, ile inayovimba mtu akaota rovu. Vinaitwa paratairoidi. Jina gumu, tuviite vitezi vinne.

Kalsiamu ya mwili asilimia 99 iko mifupani. Ile kidogo iliyoko kwenye damu, 2.1 mpaka 2.6 kwa vipimo vyetu, ndiyo inayofanya misuli ikaze na neva ziongee, na karibu nusu yake imeshikwa na protini, haichujwi. Iliyo huru inachujwa, gramu 10 hivi kwa siku, na figo inairudisha asilimia 98 au zaidi. Sehemu kubwa inarudi mwanzoni kama potasiamu. Kile kipande cha mwisho, asilimia nane au kumi, ndicho chenye maamuzi.

Vitezi vinne vinaionja kalsiamu ya damu muda wote. Ikishuka kidogo tu, vinatoa homoni yao, na homoni inakwenda sehemu tatu. Kwenye mfupa: toa akiba. Kwenye mkia wa kijineli: rudisha kalsiamu yote, usimwage. Na kwenye figo tena: malizia vitamini D.

Hapo kwenye kumalizia ndipo penye jibu la mzee. Jua linatengeneza vitamini D kwenye ngozi, kweli kabisa, na Sahare jua halijawahi kuadimika. Lakini hiyo ni mbichi. Inapita kwenye ini, inapikwa nusu. Inafika kwenye figo, ndipo inapoivishwa ikawa homoni kamili inayouambia utumbo uvute kalsiamu kutoka kwenye chakula. Figo zikifa, mzee ana gunia la unga ndani na jiko limezimika. Anaweza kuanikwa juani kama ng'onda mwezi mzima, kalsiamu nyingi ya dagaa itapita tumboni itoke ilivyoingia. Ndiyo maana wagonjwa wa figo mara nyingi wanapewa ile iliyokwisha kuivishwa kiwandani.

Sasa fosfeti. Mfupa ni kalsiamu na fosfeti zilizoshikana. Vitezi vinne vikiuamuru mfupa utoe kalsiamu, fosfeti inatoka nayo, haziachani. Na fosfeti ikijaa kwenye damu inaikamata kalsiamu tena, kwa hiyo umefanya kazi bure. Mwili umelitatua hili kwa namna inayonifurahisha mpaka leo: homoni ileile inayoiambia figo "rudisha kalsiamu" inaiambia pia "mwaga fosfeti". Mwanzoni mwa kijineli kuna vibebeo vya kurudisha fosfeti ndani. Homoni ikifika, vibebeo vinaondolewa ukutani, fosfeti inakwenda na mkojo. Amri moja, mikono miwili, mmoja unakusanya na mwingine unatupa.

Mfupa nao una sauti yake. Seli zilizozikwa ndani ya mfupa zikihisi fosfeti imezidi zinatoa homoni yao, FGF23, inakwenda kwenye figo na ujumbe huohuo wa kumwaga fosfeti, ila yenyewe inapunguza ile vitamini D iliyoiva, ili utumbo nao usiendelee kuvuta fosfeti. Na ili figo isikie ujumbe huo inahitaji protini inayoitwa Klotho. Mwaka 1997 Mjapani Makoto Kuro-o na wenzake walieleza panya waliokosa Klotho: walizeeka upesi, mishipa ikawa migumu, mifupa hafifu, wakafa mapema. Wakaipa jina la mungu wa kike wa Wagiriki wa kale, yule anayesokota uzi wa maisha ya kila mtu. Uzi ndani ya uzi, wakuu.

Figo zinapoanza kuchoka, nini kinatokea? Hapa namba zinadanganya. Fosfeti kwenye karatasi inabaki kawaida kwa muda mrefu, 0.8 mpaka 1.5, kila mtu anasema safi. Ndani mfupa unapiga kelele za FGF23, vitezi vinne vinapiga kelele zao, na nefroni zilizobaki zinabeba kazi za waliokufa. Fosfeti inapokuja kupanda kwenye karatasi, vita imekwishapiganwa miaka. Wakati huo vitezi vimevimba kwa kazi, mifupa imenyonywa, ndiyo maumivu ya mzee. Kalsiamu na fosfeti zinakutana pasipo pake, kwenye kuta za mishipa, na mshipa unakuwa na chokaa. Kujikuna nako ni sehemu ya hayo, ingawa sababu za kujikuna kwa mgonjwa wa figo ni zaidi ya moja.

Mashine inaisafisha potasiamu vizuri. Fosfeti inaisafisha shingo upande, kwa sababu nyingi iko ndani ya seli na mifupani, inatoka polepole wakati mashine ina saa nne tu. Ndiyo maana mzigo unarudi kwenye sahani.

#12 MkongeDaima

Nimesoma mara mbili. Mimi ni mtoto wa mashamba ya mkonge, baba yangu alikata katani mpaka mikono ikawa kama msasa, ukaniambia kuna mungu wa kusokota uzi anakaa kwenye figo. Sawa. Nafuta nusu ya maneno yangu ya juu. Nusu ya babu inabaki.

#13 Nahodha_wa_Sahare

Mkuu umenifumbua. Lakini hivi vidonge vya kalsiamu sasa. Mzee anavimeza asubuhi kabla ya chochote, ati ndiyo "dawa ya mifupa", halafu anakunywa chai saa nne.

#14 Muuguzi_wa_Zamu

Nahodha, soma karatasi aliyopewa. Kama ni kalsiamu kaboneti na imeandikwa pamoja na mlo, basi kazi yake si ya mifupa. Inatakiwa iikute fosfeti ya chakula tumboni iikamate, zitoke pamoja chooni. Akiimeza tumbo tupu hakuna cha kukamata, kalsiamu inaingia kwenye damu, na damu yenye fosfeti nyingi haihitaji kalsiamu ya ziada. Amwambie daktari anavyoimeza, asione haya. Nusu ya wagonjwa wangu walikuwa hivyohivyo, na kosa letu ni kwamba tunasema "mara tatu kwa siku" tunaishia hapo.

#15 MpimaDamu

Na kalsiamu kaboneti, kwa wale wa hapa, ndiyo hasa lile jiwe la Mapango ya Amboni. Chokaa tupu. Mzee anameza kipande cha Amboni kila akila wali.

#16 BiMkubwa_Chumbageni

Basi tuambieni na vya jikoni. Muhogo wa nazi nauacha?

#17 MpimaDamu

Kama potasiamu yako ni ile 4.3 na figo nzima, kula Bi Mkubwa, na mie nikaribishe.

Kwa aliyezuiwa: potasiamu inapenda maji. Menya muhogo au kiazi, katakata vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi, yamwage, chemsha tena kwa mengine kama unaweza. Inapungua sana. Mchicha vivyo hivyo, na yale maji ya mchicha tunayoyaonea huruma yamwagwe. Ukikaanga kiazi kibichi, potasiamu yote imebaki ndani. Tui zito nalo linayo, kwa hiyo muhogo wa nazi uwe wa kuonja. Na jihadharini na zile chumvi za dukani zinazouzwa kwamba ni salama kwa presha: baadhi yake sodiamu imetolewa ikawekwa potasiamu kloraidi. Mwenye figo mbovu akiinyunyiza kwenye kachumbari anajimwagia dafu la unga.

Fosfeti haipungui kwa kuchemsha kiasi hicho. Dagaa wanaoliwa na mifupa, maini, maziwa mengi, vinazo. Maharage nayo yanazo, lakini nyingi imefungwa kwa namna ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuifungua yote. Mbaya zaidi ni ile inayoongezwa viwandani kwenye soseji, nyama za kopo na soda nyeusi, ambayo inavutwa na utumbo karibu yote. Nimeona watu wamekatazwa maharage wakahamia soseji na soda, wanashangaa namba.

#18 Kidume_Raskazone

Na birimbi? Mama yangu anatengeneza juisi ya birimbi, kasikia inashusha kolesteroli.

#19 Muuguzi_wa_Zamu

Birimbi mbili tatu kwenye mchuzi wa samaki hakuna anayekufa. Juisi iliyokolea ndiyo usimruhusu. Kule Kerala, India, madaktari waliripoti mwaka 2013 wagonjwa waliokunywa juisi ya birimbi kwa ajili ya kolesteroli hiyohiyo, figo zikafeli ghafla. Ina asidi ya oksaliki nyingi, inashikana na kalsiamu na kuganda vipande vipande ndani ya vile vijineli alivyosema MpimaDamu. Mwambie leo, usingoje Ijumaa.

#20 Kidume_Raskazone

Nimempigia. Kasema mimi na watu wangu wa mtandaoni tumezidi. Ila jagi kalimwaga.

#21 MpimaDamu

MREJESHO. Wiki tatu zimepita, naona watu wananidai inboksi.

Mjomba karudi kliniki. Diklofenaki kaacha, kapewa dawa nyingine ya magoti. Losartani imepunguzwa haikuondolewa. Dafu hajagusa. Potasiamu 4.9, damu nimeichukua mwenyewe, mpira sikuukaza, ngumi hakukunja, na kichupa nilikibeba mkononi kama yai. Kriatinini iko palepale, ile haitarudi, sasa tunaichunga tu. Fosfeti 1.4. Kwenye karatasi ni kawaida, ila nimeshawaambia ninavyoiamini namba hiyo kwa mtu wa figo, nimemwomba daktari wapime na homoni ya vile vitezi vinne.

Nilimsomea uzi huu wote kibarazani kwake, akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja: "Na lile tamu la ndani, ile nyama, nalo?" Nikamwambia nalo lina potasiamu, kijiko kimoja siku ya sikukuu, aulize kwanza. Akaguna.

Tatizo jipya ni mkewe. Anasema tangu Jumatatu mauzo yameshuka, maana mzee kabla hajainua panga anamuuliza kila mteja, "Una presha? Una sukari? Figo umepima lini?"

#22 ChungwaLaMuheza

Kaniuliza na mimi juzi. Nilikuwa na mchumba. Tukanunua maji ya chupa.